Herb Brooks, kocha aliyeachwa kikosini kisha akafundisha timu iliyowashinda Wasovieti

Mwishoni mwa Februari 1960, katika jiji la Saint Paul huko Marekani, baba na mwanawe walikaa kutazama televisheni. Timu ya taifa ya Marekani ya hoki ya barafuni ilikuwa inacheza mchezo wake wa mwisho wa Olimpiki ya majira ya baridi kule California. Iliichapa Chekoslovakia mabao 9 kwa 4 na kutwaa medali ya dhahabu, ya kwanza kwa nchi hiyo katika mchezo huo. Mwana, Herb Brooks, alikuwa na umri wa miaka 22, na wachezaji wale wote aliwafahamu vizuri. Alikuwa amefanya nao mazoezi na kusafiri nao. Kisha, michezo ikiwa inakaribia kabisa kuanza, kocha Jack Riley alimwita na kumwambia kwamba hayumo.

Riley alikuwa anamtaka sana mchezaji mmoja hodari aitwaye Bill Cleary, naye Cleary alikataa kuja bila ndugu yake Bob. Nafasi zilikuwa zimejaa, kwa hiyo mtu wa mwisho ilibidi atoke, na mtu huyo akawa Brooks. Kwa miaka mingi yeye mwenyewe alisimulia kwamba mchezo ule ulipokwisha, baba yake alimgeukia na kusema inaelekea kocha alimwondoa mtu aliyestahili kuondolewa. Kama ulikuwa utani au ukali wa mzazi, alijua mzee mwenyewe. Mwanawe hakuyasahau maneno yale.

Miaka 20 baadaye Brooks alisimama kando ya kiwanja cha barafu katika mji mdogo wa Lake Placid, jimbo la New York, akiwa kocha wa vijana wa vyuo vikuu. Vijana hao waliishinda timu ya Umoja wa Kisovieti, ambayo wakati ule karibu kila mtu aliamini haishindiki. Wamarekani wengi huuhesabu ushindi huo kuwa mkubwa kuliko wowote katika michezo yao. Makala hii inamweleza mtu aliyewafikisha pale, jinsi alivyowafundisha, na gharama ya ufundishaji huo kwake na kwao.

Kwa msikilizaji ambaye hajawahi kuuona mchezo wenyewe, tuueleze kidogo. Kila upande una watu sita kiwanjani, golikipa akiwa mmoja wao. Wote wamevaa viatu vyenye bamba jembamba la chuma chini yake, ambalo huwawezesha kuteleza juu ya barafu kwa kasi kuliko mtu anayekimbia. Kila mmoja ana gongo refu lililopinda mwishoni. Kinachopigwa ni kisahani kizito cha mpira mgumu, ambacho kingeweza kukaa kwenye kiganja cha mkono. Mchezo una vipindi vitatu vya dakika 20. Kugongana kwa mwili kunaruhusiwa, na anayefanya faulo hutolewa nje kwa dakika kadhaa huku wenzake wakibaki pungufu. Kwa sababu mbio zake huchosha haraka, wachezaji hubadilishana kila baada ya muda mfupi, benchi likimimina watu na kuwapokea wengine bila mchezo kusimama.

Brooks alizaliwa tarehe 5 Agosti 1937 upande wa mashariki wa Saint Paul, makao makuu ya jimbo la Minnesota. Jimbo hilo liko kaskazini kabisa mwa Marekani, mpakani na Kanada, na lina maelfu ya maziwa ambayo huganda kila majira ya baridi. Watoto wa huko hujifunza hoki kwenye maziwa na viwanja vya mtaani, kama watoto wa kwetu wanavyojifunza soka kwenye chandimu. Mwaka 1955 Brooks alikuwa katika timu ya Shule ya Sekondari ya Johnson iliyotwaa ubingwa wa jimbo. Akaenda Chuo Kikuu cha Minnesota, akasoma saikolojia, na kuchezea timu ya chuo chini ya kocha John Mariucci. Mariucci alikuwa na wazo moja aliloling'ang'ania: kwamba vijana wa Marekani wapewe nafasi katika mchezo uliokuwa umetawaliwa na Wakanada. Mwanafunzi wake alilibeba wazo hilo maisha yake yote.

Baada ya kuachwa mwaka 1960 angeweza kukata tamaa. Alifanya kazi ya kuuza bima na kuendelea kucheza. Aliichezea Marekani katika Olimpiki ya 1964 iliyofanyika Innsbruck, Austria, na ile ya 1968 huko Grenoble, Ufaransa. Mara zote mbili timu yake ilirudi mikono mitupu, na mara zote mbili dhahabu ilikwenda kwa Wasovieti. Hakuwahi kucheza katika NHL, ligi kubwa ya kulipwa ya Amerika Kaskazini. Kama mchezaji alikuwa na mbio sana, lakini jina lake halikuvuma. Kilichomfaa baadaye ni kile alichokiona akiwa Ulaya.

Hoki ya Marekani na Kanada wakati ule ilikuwa ya nguvu na mstari ulionyooka. Kisahani kilipigwa mbele hadi mwisho wa kiwanja, kisha watu wakakikimbilia na kugongana ukutani kukigombania. Wasovieti, waliolelewa na kocha Anatoly Tarasov, walicheza tofauti. Walipiga pasi fupi fupi, wakazunguka, wakabadilishana nafasi, na njia ikifungwa walirudisha kisahani nyuma na kuanza upya. Hawakukubali kukipoteza ovyo. Brooks aliona kwamba Mmarekani akijaribu kuwashinda kwa mabavu atachoka bure. Wazo lake likawa kuchanganya: pasi na mizunguko ya Wasovieti, ukali wa Amerika Kaskazini, na juu ya yote pumzi ya kukimbia hadi dakika ya mwisho.

Mwaka 1972 alipewa timu ya chuo chake cha zamani, iliyokuwa imedidimia. Mwaka 1974 ilitwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani nzima kwa mara ya kwanza katika historia yake, ikitegemea vijana wa jimboni. Ikatwaa tena 1976 na 1979. Mataji matatu ndani ya miaka saba yalitosha kumpa kazi aliyoitaka kuliko zote, ya kuifundisha timu ya Olimpiki ya mwaka 1980.

Hapa lazima tueleze jambo moja ambalo kijana wa leo huenda halifahamu. Zamani zile wachezaji wa kulipwa hawakuruhusiwa katika Olimpiki. Marekani, ambayo wanamichezo wake bora walikuwa wanalipwa katika ligi, ililazimika kupeleka wanafunzi. Umoja wa Kisovieti ulipeleka timu yake bora kabisa, kwa sababu kwa maandishi wachezaji wake wengi walikuwa askari wa jeshi ambao kazi yao, kwa kweli, ilikuwa kucheza hoki mwaka mzima. Walikuwa wameshinda dhahabu nne mfululizo, 1964, 1968, 1972 na 1976. Februari 1979 walikutana na nyota waliochaguliwa kutoka NHL, watu wanaolipwa na wenye uzoefu, na katika mchezo wa kuamua wakawafunga 6 kwa 0. Hao ndio ambao vijana wa Brooks walitakiwa kukutana nao.

Majira ya joto ya 1979 aliita vijana wengi kwa majaribio huko Colorado Springs. Aliwapa hata karatasi ya maswali ya saikolojia, kwa maana alitaka kujua nani atavumilia na nani atavunjika. Waliobaki walitoka hasa sehemu mbili ambazo hazikupikika chungu kimoja: Minnesota na Boston. Mwaka 1976 timu za vyuo vikuu vya Minnesota na Boston zilikuwa zimepigana ngumi kiwanjani katika nusu fainali, na baadhi ya waliopigana siku ile sasa walivaa jezi moja. Mchezaji wake bora kuliko wote, Mark Johnson, alitoka chuo cha Wisconsin, na baba yake alikuwa kocha wa huko na hasimu mkubwa wa Brooks. Kama Brooks angewaacha wakae kwa makundi yao, timu ingekufa kabla ya kuzaliwa.

Dawa aliyoitumia ndiyo inayobishaniwa hadi leo. Aliamua kwamba kama hawawezi kupendana, basi wamchukie yeye kwa pamoja. Aliwaambia mapema kwamba yeye atakuwa kocha wao na asitazamiwe kuwa rafiki. Hakula nao wala kucheka nao. Aliwatukana mbele ya wenzao, akamtishia nahodha Mike Eruzione kwamba atamwacha, akawasema hata wale waliochezea chuo chake na waliodhani wanamjua. Upole wote alimwachia msaidizi wake, Craig Patrick, ambaye vijana walimkimbilia kulalamika. Mpango ulikuwa wa makusudi: mmoja awapige, mwingine awapake mafuta.

Kisa kinachosimuliwa zaidi kilitokea Septemba 1979 mjini Oslo, Norway. Timu ilicheza mchezo wa kirafiki na wenyeji na kutoka sare ya 3 kwa 3, huku wachezaji wakionekana kujali zaidi wasichana waliokuwa jukwaani kuliko mchezo. Mchezo ulipokwisha Brooks hakuwaruhusu kuondoka. Aliwapanga kwenye mstari wa goli na kuwaamuru kukimbia hadi mstari wa kwanza na kurudi, hadi katikati na kurudi, hadi mstari wa tatu na kurudi, hadi mwisho na kurudi. Kisha tena. Kisha tena. Watazamaji walidhani ni maonyesho, wakapiga makofi, halafu wakaelewa na kuondoka kimya. Mtunza uwanja alichoka kusubiri akazima taa. Vijana waliendelea kukimbia gizani.

Msomaji anaweza kuuliza, na ana haki, kama huo ni ukocha au ni mateso. Kijana wa miaka 20 akiumizwa moyo wake kwa makusudi, hata kama mwisho wake ni medali, kuna kitu amenyang'anywa. Wachezaji wenyewe walipozeeka walitofautiana. Wengi walikuja kumheshimu sana, lakini wako waliosema wazi kwamba mapenzi hayakuwepo. Linaloonekana bila ubishi ni kwamba miguu yao iliimarika. Walicheza michezo 61 ya maandalizi ndani ya miezi mitano hivi, Ulaya na Amerika, na walipofika Lake Placid walikuwa na uwezo wa kukimbia kipindi cha tatu kama cha kwanza.

Ilipokaribia Olimpiki, Brooks alifanya jambo lililowashtua hata wachezaji waliokwisha kumzoea. Aliwaleta vijana wengine kutoka chuo chake na kuanza kuwajaribu, maana yake wale waliovumilia miezi yote wangeweza kuondolewa. Timu ilikasirika. Eruzione na wenzake walimwendea wakamweleza kwamba hawa ndio familia, na kama kuna wa kuondoka aondoke miongoni mwao, wageni wasiletwe. Brooks aliwakubalia. Naona kwamba wakati huo ndipo alipopata kile alichokuwa anakitafuta tangu mwanzo, kwa sababu waliokuja kumkabili walitoka Minnesota na Boston, wakizungumza kwa sauti moja.

Lakini sheria ilitaka majina 20. Mmoja wa mwisho alipaswa kutoka, siku chache tu kabla ya mashindano. Brooks alimchagua Ralph Cox, mfungaji kutoka Chuo Kikuu cha New Hampshire aliyekuwa ameumia kifundo cha mguu. Mtu ambaye mwaka 1960 aliitwa na kuambiwa hayumo sasa ndiye aliyeita. Wanaosimulia wanasema kocha yule mkali alitokwa na machozi, na kijana ndiye aliyemfariji, akimwambia kwamba anaelewa na kwamba timu itashinda dhahabu. Brooks aliwahi kusema kwamba huo ulikuwa uamuzi mgumu kuliko yote aliyofanya. Kati ya yote yaliyoandikwa juu yake, hili ndilo linalonifanya nimwone mtu nyuma ya uso ule wa jiwe. Alijua sawasawa kijana yule anakwenda nyumbani na kitu gani, na bado akamwondoa.

Februari ile dunia ilikuwa na joto kali la siasa. Majeshi ya Kisovieti yalikuwa yameingia Afghanistan Desemba 1979. Wamarekani walikuwa wameshikwa mateka mjini Tehran. Rais Jimmy Carter alikuwa ametangaza kwamba majeshi hayo yasipoondoka ifikapo Februari 20, Marekani haitakwenda kwenye Olimpiki ya majira ya joto mjini Moscow. Wasikilizaji wenye umri watakumbuka kwamba jambo hilo lilifika hadi kwetu. Mwanzoni mwa mwezi huohuo Carter alimtuma bondia Muhammad Ali kuzunguka Afrika kushawishi nchi zisusie, na kituo chake cha kwanza kilikuwa Dar es Salaam, ambako Mwalimu Nyerere hakukubali kumpokea. Kenya ilisusia. Tanzania ilikwenda Moscow, na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha.

Kwa hiyo Marekani na Wasovieti walipokuwa njiani kukutana juu ya barafu, watu waliona zaidi ya hoki. Brooks hakulipenda hilo. Alitaka vijana wake wafikirie kisahani tu. Na hali haikuwa nzuri: tarehe 9 Februari, siku tatu kabla ya mashindano kuanza, timu hizo mbili zilicheza mchezo wa kirafiki mjini New York, na Wasovieti wakashinda mabao 10 kwa 3.

Mchezo wa kwanza wa mashindano ulikuwa dhidi ya Sweden. Mshambuliaji Rob McClanahan aliumia paja na kuvua vifaa vyake. Wakati wa mapumziko Brooks aliingia chumbani akamvamia kwa maneno, akimwita mwoga. Vijana walidhani kocha amepata wazimu, nusura wapigane. McClanahan alivaa tena na kucheza kwa mguu mmoja mzima. Zikiwa zimebaki sekunde 27, Bill Baker alisawazisha, 2 kwa 2.  Kisha wakaishangaza Chekoslovakia, iliyohesabiwa ya pili kwa ubora, mabao 7 kwa 3. Wakazifunga Norway, Romania na Ujerumani Magharibi. Ijumaa, Februari 22, ikawa zamu ya Wasovieti.

Wasovieti walitangulia, Marekani ikasawazisha. Wakatangulia tena, 2 kwa 1. Kipindi cha kwanza kikiwa kinaisha, Dave Christian alipiga kisahani kutoka mbali, golikipa Vladislav Tretiak akakiokoa lakini hakukidhibiti, na Mark Johnson akapenya katikati ya walinzi waliokuwa wameanza kupumzika. Akafunga ikiwa imebaki sekunde moja. Kocha wa Wasovieti, Viktor Tikhonov, alikasirika akamtoa Tretiak, golikipa aliyesifiwa kuliko wote duniani, na kumwingiza Vladimir Myshkin. Wachezaji wa pande zote mbili walishangaa. Tikhonov mwenyewe baadaye alikiri kwamba lile lilikuwa kosa kubwa la maisha yake ya ukocha.

Katika kipindi cha pili Wasovieti walitawala, wakaongoza 3 kwa 2. Jim Craig, golikipa wa Marekani, aliokoa mpaka watu wakaacha kuhesabu. Mwisho wa mchezo Wasovieti walikuwa wamepiga golini mara 39, Wamarekani 16 tu. Lakini kipindi cha tatu kilipoanza, Brooks alikuwa anawabadilisha watu wake kwa haraka ili kila anayeingia awe na miguu mipya, huku Tikhonov akiwategemea wakongwe wake wakae muda mrefu. Wakongwe walianza kuchoka. Msovieti mmoja alitolewa kwa faulo, na Johnson akasawazisha. Muda mfupi baadaye, zikiwa zimebaki dakika 10 kamili, Eruzione, yule nahodha aliyetishiwa kuachwa, alipokea kisahani mbele ya goli akapiga. 4 kwa 3.

Dakika 10 zilizofuata ndizo zilizolipa yale ya Oslo. Timu dhaifu ikiongoza hurudi nyuma na kuomba filimbi. Brooks alitembea kwenye benchi akirudia jambo moja, kwamba wacheze mchezo wao. Wakaendelea kushambulia na kupiga pasi, na Wasovieti, ambao hawakuzoea kuwa nyuma mwishoni, wakaanza kupiga kisahani mbele ovyo kama Wamarekani wa zamani. Kengele ilipolia vijana walirundikana juu ya Craig. Brooks alinyoosha mikono, akageuka, akatoka haraka kuelekea vyumbani. Aliona barafu ile ni ya wachezaji. Wamarekani wengi waliutazama mchezo saa chache baadaye, kwa sababu kituo cha televisheni kilikuwa kimeurekodi ili kiurushe usiku.

Jambo linalosahauliwa mara nyingi ni kwamba ile haikuwa fainali. Kulikuwa na mchezo mmoja zaidi, na kwa hesabu za pointi timu ingeweza kushindwa na kukosa hata medali. Jumamosi Brooks aliwakuta vijana wakisaini picha na kufurahia, akawafanyisha mazoezi makali na kuwasema upya. Jumapili, Februari 24, waliingia kipindi cha tatu dhidi ya Finland wakiwa nyuma 2 kwa 1. Aliwaambia kwa ufupi kwamba wakipoteza mchezo huo watakwenda nao kaburini. Wakafunga mara tatu na kushinda 4 kwa 2. Bao la kuongoza lilifungwa na McClanahan, mwenye paja lililoumia.

Wakati wa kutoa medali Eruzione aliwaita wenzake wote wapande jukwaa dogo lililotengenezwa kwa mtu mmoja. Brooks hakuwepo pale. Katika Olimpiki makocha hawapewi medali, hivyo dhahabu aliyoikosa 1960 hakuipata kwa mkono wake hata 1980.

Maisha yake baada ya hapo hayakuwa mteremko. Alifundisha Davos, Uswisi, kwa muda mfupi, kisha mwaka 1981 akachukua timu ya New York Rangers katika NHL. Wengi walisema mbinu zake za pasi zingefaa watoto wa vyuo tu. Alikusanya wachezaji wadogo kwa umbo na wepesi wa miguu, wakiwemo McClanahan na Mark Pavelich wa timu ya 1980, na akafikisha ushindi 100 kwa haraka kuliko kocha yeyote wa Rangers kabla yake. Pavelich, ambaye ligi ilimdharau kwa udogo wake, Februari 1983 alifunga mabao matano katika mchezo mmoja.

Kizuizi chake kilikuwa jirani yake. New York Islanders walikuwa mabingwa wa zama zile, na waliwatoa Rangers miaka mitatu mfululizo, 1982, 1983 na 1984. Mara ya tatu ilikwenda hadi dakika za nyongeza za mchezo wa mwisho, na aliyefunga bao la kuwatoa alikuwa Ken Morrow, beki aliyekuwa mmoja wa vijana wa Lake Placid. Januari 1985 Brooks alifukuzwa.

Akafundisha chuo cha St. Cloud kwa mwaka mmoja na kukisaidia kuingia daraja la juu, kazi ambayo hoki ya Minnesota inamshukuru hadi sasa. Mwaka 1987 alichukua timu ya kulipwa ya jimbo lake, Minnesota North Stars. Msimu ulikuwa mbaya, akaondoka. Alikuwa New Jersey Devils msimu wa 1992 hadi 1993, akajiuzulu. Kwa kweli Brooks hakuelewana vizuri na mabosi. Alitaka kuamua kila kitu, na katika timu za kulipwa mchezaji anayelipwa mamilioni hakimbizwi gizani. Aliwaongoza Ufaransa katika Olimpiki ya 1998 mjini Nagano, akatafuta vipaji kwa niaba ya Pittsburgh Penguins, na msimu wa 1999 hadi 2000 akawa kocha wao wa muda.

Mwaka 2002 Marekani ilimrudia. Olimpiki ilikuwa Salt Lake City, na sasa wachezaji wa kulipwa walikuwa wameruhusiwa. Akiwa na umri wa miaka 64 alipewa nyota waliokuwa watoto wadogo wakati wa Lake Placid, na safari hii aliwaongoza kwa ulaini zaidi. Tarehe 22 Februari, miaka 22 kamili tangu usiku ule, waliwashinda Warusi 3 kwa 2 katika nusu fainali. Siku mbili baadaye Kanada iliwafunga 5 kwa 2, wakabaki na fedha.

Tarehe 11 Agosti 2003, siku chache baada ya kutimiza miaka 66, Brooks alikuwa akiendesha gari kurudi nyumbani kutoka kaskazini mwa Minnesota, kwenye mashindano ya gofu ya kuchangia makumbusho ya hoki ya Marekani. Karibu na mji wa Forest Lake gari liliacha barabara na kupinduka. Hakuwa amefunga mkanda, akarushwa nje na kufa. Misa ya mazishi ilisomwa katika Kanisa Kuu la Saint Paul, na vijana wa 1980, sasa wanaume wa makamo, walihudhuria.

Kiwanja cha Lake Placid kinaitwa kwa jina lake tangu 2005, na mwaka 2006 aliingizwa katika jumba la heshima la hoki mjini Toronto. Alipofariki, kampuni ya Disney ilikuwa imeshaanza kutengeneza filamu kuhusu timu ya 1980. Alikuwa amewashauri watengenezaji na kuzungumza na mwigizaji Kurt Russell, aliyecheza nafasi yake. Filamu ilitoka Februari 2004, miezi sita baada ya mazishi.